Vijimbegu Vyenye Mshipi

Kwaa. Kwaa. Kwaa.

Mwavita alifungua macho. Ndani kulikuwa bado giza na jogoo hajawika, lakini kule mlangoni panga lilikuwa likinolewa juu ya jiwe. Alijua ni mama yake. Leo ilikuwa Jumamosi, siku ya Salongo, na kila nyumba ya Kindu ilitakiwa kutoa mtu na chombo kwa ajili ya kazi ya pamoja. Zamani mlio huo ulimbembeleza arudi usingizini. Siku hizi aliusikia kama unamkwangua yeye.

“Mwavita, uko macho?” mama aliuliza bila kugeuka.

“Niko macho, mama.”

“Kuja basi, unishikie taa. Panga hii iko na mabaka gani? Utasema imekata ndizi mwaka mzima!”

Mwavita alishika taa. Karibu na mpini kulikuwa na madoa meusi ya utomvu uliokauka, na mama alikuwa akiyasugua kwa majivu. Hayakuwa ya ndizi. Mwavita aliyajua yametoka wapi, akageuza uso pembeni kana kwamba moshi wa taa umemwingia machoni.

Mambo yenyewe yalianza mwezi wa kwanza. Nyuma ya madarasa ya shule yao kulikuwa na michungwa sitini, mistari mitano ya miti kumi na miwili, mstari mmoja kwa kila darasa, kuanzia la pili mpaka la sita. Yote ilipandwa na mzee mmoja mtunza bustani. Kwenye karatasi aliitwa sitwayen, yaani raia, Kalonda, maana miaka ile majina ya ubatizo yalikuwa yamekatazwa, lakini mdomoni mwa watu alibaki Baba Godefroid. Aliishi peke yake katika kijumba cha udongo pembeni mwa ua wa shule.

Mstari wa darasa la sita ulikuwa umeshazaa. Mstari wa darasa la tano, darasa la Mwavita, haukutoa hata ua moja.

“Michungwa yenu ni ya kiume!” watoto wa la sita waliwazomea. “Ngojeni itaota ndevu!”

Mwavita aliumia sana. Ndipo alipokumbuka dawa ya Bibi Jeanne, mama wa baba yake, aliyekuwa amekuja kutoka Pangi kuwatembelea. Bibi alisema mti mvivu hutishwa. Watu wawili wanausimamia. Mmoja anainua panga, anachanja gome na kusema kwa ukali, “Leo nitakukata, hauzai!” Mwenzake anamshika mkono na kuuombea, “Usiukate, baba, mwaka huu utazaa.” Mti unasikia, unaogopa, unazaa. Bibi na Mwavita waliufanyia hivyo mti wa avoka, yaani parachichi, nyuma ya nyumba yao, mti mzee uliokuwa tayari na donda kwenye shina.

Jumamosi iliyofuata, Salongo ilipokwisha na wenzake walipokwenda mtoni kunawa, Mwavita alibaki shuleni na panga lile lile. Mdogo wake Feruzi, ambaye angekuwa mwombaji, alikuwa na homa. Basi Mwavita akafanya kazi zote mbili. Kwa sauti nene alitisha. Kwa sauti nyembamba aliomba. Aliichanja miti saba ya mstari wao. Alipofika wa nane alisikia mtu anakohoa nyuma ya ua, akakimbia.

Sasa ulikuwa mwezi wa nne, na miti ile saba ilikuwa inakufa. Gome lilibonyea na kupasuka, utomvu mweusi ukachuruzika, matawi ya juu yakakauka.

Jumatano iliyopita, baada ya nyimbo za asubuhi mbele ya bendera, Direkta, mkuu wa shule, alimwita Baba Godefroid mbele ya shule nzima.

“Sitwayen Kalonda, miti hii inakufia mikononi mwako. Nani ameikata?”

“Direkta, nilikwisha kusema,” mzee alijibu, kofia mkononi. “Mwezi wa kwanza nilisikia watoto wawili humo ndani. Mmoja anatisha, mmoja analia-lia. Nilikohoa, wakatoroka.”

Direkta akawageukia wanafunzi. “Watoto hao wawili wajitokeze!”

Hakuna aliyesogea. Mwavita alitazama vidole vyake vya miguu. Wameitwa wawili, aliwaza. Mimi ni mmoja. Alijishikilia kwenye wazo hilo kama mtu anayeshikilia tawi bovu juu ya maji.

“Unaona?” Direkta akasema. “Wawili hawapo. Panga ya bustani ni ya nani? Ni yako. Uliichanja miti ukaitia sumu, sasa unatuletea hadithi. Jumatatu utahama kijumba cha shule. Na miti yote tutaikata na kuichoma, ugonjwa usitoke hapa.”

Watoto mia tatu walicheka, kwa sababu Direkta alikuwa ameinua sauti akimwigiza mzee, “Mmoja anatisha, mmoja analia-lia.” Mwavita alicheka pia. Alicheka kwa nguvu ili asionekane hacheki.

Asubuhi ile ya Salongo, Mwavita na mama yake walipofika shuleni, walikuta mgeni. Alikuwa mwanamke kijana mwenye buti za mpira na sanduku la mbao. Mwalimu aliwaambia darasa la tano kwamba huyo ni agronomu, yaani mtaalamu wa mimea, anapita Kindu akielekea Kibombo, na Direkta amemwomba aitazame michungwa kabla haijakatwa.

“Mimi ni Kyakimwa,” mgeni alisema. “Niiteni yaya, dada mkubwa, bado sijazeeka. Direkta wenu anasema ni sumu. Labda. Mimi sijui bado. Ugonjwa ukipewa jina kabla ya kutazamwa, dawa inapelekwa kwa mgonjwa mwingine. Nani hapa anajua kuchora?”

“Mwavita!” darasa zima lilipiga kelele, na Clémentine, rafiki yake wa dawati moja, akamsukuma mbele. “Nenda, mchoraji! Leo utachora majipu ya miti, kesho utachora ya Direkta.”

Hakukuwa na pa kukimbilia. Mwavita alipewa ubao mdogo, karatasi na penseli, akapiga magoti mbele ya mchungwa wa kwanza. Yaya Kyakimwa aliwaeleza wote kwamba miti huugua magonjwa mengi, na hili liliitwa donda la gome. Mara nyingi linaletwa na kuvu, viumbe wa jamii moja na uyoga, ila wadogo mno. Lakini kuvu wa donda si mmoja, wako wa namna nyingi, na kazi ya kwanza ni kuwatenganisha.

Alitoa makasha matatu matupu ya kibiriti. “Donda likiwa chini kabisa, mguuni mwa mti, linalia utomvu na hakuna vipele juu yake, linakwenda kasha la kwanza. Ugonjwa huo unapenda udongo wenye maji. Ukiona vipele vya rangi ya waridi, laini kama mito ya kulalia sisimizi, kasha la pili. Ukiona vipele vyeusi vinatoboa gome kama pilipili manga iliyosagwa vibaya, kasha la tatu.”

Watoto walipanga foleni kutazama kwa kioo cha kukuza. Walibishana kweli kweli. “Nyeusi!” “Hapana, hiyo ni mavi ya mchwa!” “Macho yako, Henri, yaoshe kwanza!” Mwishowe gome la miti yote saba lilikwenda kasha la tatu.

Yaya Kyakimwa aliinama kutazama karatasi ya Mwavita. “Mkono mzuri. Vipele umeviweka mahali pake. Lakini katikati ya donda kuna nini?”

Mwavita alitazama shina. Katikati kulikuwa na mstari, mwembamba, umenyooka, wa urefu wa kiganja.

“Sioni kitu, yaya.”

“Kuna mstari. Umeusahau. Chora unachokiona, mdogo wangu, usichore unachokipenda.”

Basi Mwavita alichora mstari. Akahamia mti wa pili, akachora mstari. Wa tatu, wa nne, mpaka wa saba. Kila mstari ulikuwa wake mwenyewe, na kila aliouchora ulikuwa kama ufito mwingine katika ua unaojengwa kumzunguka. Baba Godefroid alipita na ndoo kuwapa wanafunzi maji ya kunywa, kama kila Jumamosi.

“Kunywa, binti,” alimwambia. “Jua limekupiga.”

Mwavita alikunywa maji ya yule mzee. Alimrudishia kikombe bila kumtazama.

Baadaye Yaya Kyakimwa aliweka mikroskopi yake dirishani mwa darasa, kioo chake kikikamata mwanga wa jua. Alikwangua kipele kimoja cheusi, akakitia kwenye tone la maji juu ya kipande cha kioo. “Vipele ni nyumba tu,” alisema. “Ndani njo mna vijimbegu, na kuvu tunaitambua kwa vijimbegu vyake. Haya, tazama wewe mchoraji.”

Mwavita alifumba jicho moja. Mwanzoni aliona ukungu tu. Kisha, ghafula, aliona mayai madogo sana ya rangi ya kahawia, na kila yai lilikuwa na mshipi katikati, kama mama aliyefunga kitenge kiunoni.

“Wana mshipi!” alisema, na kwa kitambo kidogo alisahau kila kitu kingine.

“Vizuri. Huyo namjua. Hachagui chakula. Anakula mchungwa, mwembe, avoka, kakao. Lakini hana meno ya kutoboa gome zima. Anangoja jeraha, au mti uliochoka. Kwa hiyo hii si sumu.”

Direkta alikuwa amesimama mlangoni, mikono nyuma. “Sumu au kuvu, sitwayen agronomu, majeraha ni ya panga. Na mwenye panga ni yule mzee wa hadithi ya watoto wawili.”

“Sauti mbili nilisikia,” Baba Godefroid alisema kutoka nje. “Miguu yangu imezeeka, masikio bado.” Watoto wengine walianza kucheka tena.

Yaya Kyakimwa hakucheka. “Direkta, mimi sijui nani alikata, wala huyu kuvu alitoka mti gani. Ningejua, ingesaidia. Kama aliletwa na panga, ni miti hii saba tu. Nitaitibu, na hamsini na mitatu itabaki. Kama aliletwa na upepo na mvua, basi amekwisha kuenea kote, na wewe una haki ya kuichoma. Mpaka Jumatatu sina jibu lingine.”

Mwavita alirudi nyumbani akitembea nyuma ya mama yake. Jibu lililotafutwa na watu wote lilikuwa mdomoni mwake, na mdomo umefungwa. Akinyamaza, miti sitini itachomwa, na mzee atatoka na mkeka wake mbele ya shule nzima. Akisema, shule nzima itamtazama yeye. Mbele moto, nyuma moto.

Jumapili, baada ya misa, alizunguka nyuma ya nyumba. Alitaka sana mti wa avoka uwe mzima. Ukiwa mzima, aliwaza, kuvu haikutoka kwetu. Lakini kwenye donda la zamani, na kwenye chale mpya alizochanja na Bibi, alikuta vipele vyeusi kama pilipili manga. Alibandua kipande cha gome kwa kisu, akakitia ndani ya kasha la kibiriti.

“Unamchuna avoka wetu?” Mama yake, Mama Albertine, alikuwa nyuma yake, mchi wa kutwangia sombe, majani ya muhogo, mkononi.

Mwavita alifungua mdomo aseme kitu kidogo tu, lakini vyote vikatoka pamoja na machozi: dawa ya Bibi, panga, miti saba, sauti nene, sauti nyembamba, kikohozi, kicheko cha Jumatano.

Mama alirudi kwenye kinu, akatwanga mara tatu, nne, kama mtu anayetafuta neno humo ndani. Kisha akaegemeza mchi ukutani na kufunga kitenge chake vizuri.

“Osha uso,” alisema. “Chukua kibiriti chako. Tunakwenda.”

“Utanipiga, mama?”

“Ningetaka kukupiga, ningebaki hapa hapa. Twende.”

Yaya Kyakimwa alikuwa amefikia kwa masista wa misioni. Mwavita alimpa kasha la kibiriti. Mikroskopi iliwekwa dirishani. Yaya alitazama muda mrefu, halafu akampisha. Mwavita hakuhitaji kutazama, lakini alitazama. Mayai ya kahawia, kila moja na mshipi wake.

“Umetoa wapi hii?”

“Nyumbani, yaya. Kwa avoka wetu. Panga ilianza kwetu, ikaenda kwa michungwa. Ni mimi niliyeibeba.”

“Na mwenzako? Mzee alisikia wawili.”

“Hakuna mwenzangu. Feruzi alikuwa na homa.” Akaonyesha, kwa aibu, sauti nene, kisha sauti nyembamba.

Yaya Kyakimwa alikaa juu ya sanduku lake. “Miti saba tu,” alisema polepole. “Saba tu! Unajua umeniletea nini ndani ya kasha hili? Umeniletea miti hamsini na mitatu.” Kisha akamshika bega. “Lakini sikiliza. Kuchanja ulichanja kwa kutojua, hata bibi yako hakujua. Kosa hilo lingesamehewa siku ile ile. Kunyamaza njo kumemuumiza mtu.”

Walipita kwanza nyumbani kwa Direkta. Yaya na Mama Albertine waliingia, Mwavita akangoja kibarazani akisikia sauti zikipanda na kushuka. Direkta alipotoka hakupiga kelele. Alimtazama tu, akasema, “Kazi ianze,” akarudi ndani.

Baba Godefroid walimkuta anafunga vyombo vyake kwa kamba: sufuria mbili, jembe, mkeka. Mama alieleza yote. Mzee alimgeukia Mwavita, kope zikicheza.

“Zote mbili, wewe? Fanya tena.”

“Baba, naona haya.”

“Fanya! Nimeitwa mwongo kwa ajili ya sauti hizo, niache nizisikie vizuri.”

Mwavita alifanya. Mzee alicheka mpaka akakohoa, kikohozi kile kile cha mwezi wa kwanza. Halafu akaacha kucheka.

“Lakini Jumatano sikucheka,” alisema. “Direkta amejua, ni sawa. Ila wale walionicheka walikuwa mia tatu, na Direkta hajawaambia kitu.”

Mwavita aliinamisha kichwa. Alikuwa amedhani yamekwisha.

Walifanya kazi mpaka jua likashuka. Waliwasha moto mdogo, na kila kisu na panga lilipitishwa kwenye moto kabla ya kugusa mti, na tena kabla ya kuhamia mti mwingine. Yaya Kyakimwa alimwonyesha Mwavita namna ya kuondoa gome lililooza. “Bado,” alisema kila mara mtoto alipotaka kusimama. “Bado pana kahawia. Endelea mpaka uone kijani pande zote. Ukiacha kahawia ya ukucha mmoja, kuvu anarudi.” Miti miwili ilikuwa imezungukwa na donda shina zima, wakaing’oa. Mitano wakaipaka dawa ya buluu ya shaba na chokaa. Magome yote yalichomwa. Baba Godefroid alifungua kamba ya vyombo vyake, akarudisha sufuria jikoni, lakini mkeka aliuacha umekunjwa mlangoni.

Mwavita aliuona ule mkeka.

Jumatatu asubuhi mama alimfunga vifungo vya shati la shule, ingawa tangu darasa la kwanza alijifunga mwenyewe.

“Mama, Direkta ameshajua. Yaya ameshajua. Baba Godefroid ameshajua. Lazima tena?”

“Jana ulikata gome mpaka wapi?”

“Mpaka kijani.”

“Njo vile, mwanangu. Mtu aliyedhulumiwa mbele ya watu husafishwa mbele ya watu wale wale. Ukimsafisha kichochoroni, umeacha kahawia. Mimi nitasimama karibu na ua. Ukiniangalia utaniona.”

Nyimbo ziliimbwa, bendera ikapanda. Direkta alisimama juu ya ngazi, akasema agronomu ameipata dawa ya michungwa na kwamba hakuna mti mwingine utakaochomwa. Watoto walishangilia. Kisha akatazama mstari wa darasa la tano. Hakutaja jina.

Clémentine alimnong’oneza Mwavita, “Anatafuta nani?”

Baba Godefroid alikuwa mwisho kabisa, karibu na bomba, kofia mkononi kama Jumatano. Watoto wawili wa la sita walikuwa wakimwonyesha kidole na kuminya pua wakiigiza, “Mmoja anatisha, mmoja analia-lia.” Ng’ambo ya ua, Mwavita aliona kitenge cha mama yake.

Alitoka mstarini. Alipita mbele ya darasa la pili, la tatu, la nne, akapanda ngazi, akageuka. Macho mia tatu, mara mbili. Alimtafuta mzee kwa macho, akamtazama yeye peke yake, akapaza sauti ifike mpaka kwenye bomba.

“Baba Godefroid hakusema uwongo, ni mimi niliyekata miti, na sauti zote mbili zilikuwa zangu.”